Betri za Nurdini

Umeme ulikatika tangu asubuhi. Nurdini alikuwa sebuleni akitazama mpira kwa sauti ya chini, kwa umeme wa betri za inveta, jirani yake Bi Mgeni alipobisha hodi. Alikuwa amebeba mashine ya kuvutia dawa ya pumu.

“Mzee kifua kimembana,” alisema. “Naomba tuichomeke hapa kwako, baba. Haichukui muda.”

Nurdini alifikiria kipindi cha pili kilichobaki, akasimama katikati ya mlango.

“Betri zimeisha chaji, mama yangu. Hata feni haizunguki.”

“Basi, haina neno.”

Bi Mgeni alikuwa ameshageuka pale Zamda, mke wa Nurdini, alipotokea jikoni. “Mbona unaondoka? Mlete mzee. Betri bado zina chaji ya kutosha, nimezitazama sasa hivi.”

Nurdini alikosa pa kuweka macho. Bi Mgeni akamwangalia kidogo, kisha akamgeukia Zamda.

“Hakujua,” alisema kwa upole. “Wanaume hawaangalii mambo haya.”

Akamleta mumewe, amemshika mkono. Mzee alipumua kwa shida, lakini alipofika mlangoni alisimama, akamwambia Nurdini, “Mungu akulipe, mwanangu.”

Nurdini alizima televisheni, friji na feni, ingawa hakuna aliyemwomba. Kisha akatoka barazani. Mashine ilikuwa ikinguruma ndani.

“Njoo ukae na mzee, ni mgeni wako,” Zamda alimwita.

Alirudi hadi mlangoni, akashika pazia, akabaki amelishika bila kuingia.