Penseli ya Mpishi

Wino wa lebo ulikuwa umeyeyukia kwenye spiriti ya kuhifadhia samaki. Nilibaki na kisamaki cha milimita thelathini na moja, mapezi yake ya tumbo yameungana kama kikombe, na sikujua kilivuliwa wapi.

"Dada, bila mahali huyo ni dagaa tu," alisema Mkenya anayetunza ghala letu la makumbusho, hapa Maryland. "Saa kumi namtupa."

Alikuwa sahihi. Hakuna jarida linalokubali spishi mpya isiyojulikana ilikotoka, na utafiti wangu wa miaka minne ulimtegemea samaki huyu mmoja.

Nilikikunjua hadi mwisho kitambaa alichokuwa ameviringishiwa. Ndani mlikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, ambayo spiriti haiifuti: "Delta ya Rufiji, kwenye mikoko, maji ya chumvi kidogo. Kavuliwa na Shamte, mpishi wa kambi ya watafiti."

Mkenya akacheka. "Kumbe wasomi walileta wino, mpishi akaleta akili!"

Nilisema asante kwa sauti, kwa mtu nisiyemjua, kisha nikafungua rasimu ya makala yangu. Kwenye nafasi ya jina la spishi nilikuwa nimeandika jina la profesa wangu.

Nikalifuta.