Hoja ya Kalavati

"Fupisha, mama. Baraza lina kazi," Mwenyekiti alisema, na fundi cherehani alikuwa hata hajaanza.

Alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, upande wa wananchi, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alitoka dukani mbio, akaisahau. Tangu asubuhi amekaa kwenye benchi akingoja zamu yake, na asubuhi yote hiyo baraza la mji lilikuwa linajadili zulia. Kwanza kama ukumbi unahitaji zulia. Kisha rangi yake. Diwani mmoja mnene alitaka kijani, eti haionyeshi uchafu. Mwenzake akamjibu kwamba uchafu wa baraza hili hakuna rangi ya kuuficha. Wakacheka, wakagombana, wakanywa chai. Zulia likapita. Baada ya zulia ikapita lami ya maegesho ya madiwani, hiyo hata haikujadiliwa.

"Ni kalavati la mtaa wetu," fundi akasema. "Limekatika, gari haliingii. Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, na kesho asubuhi ndiyo zamu yake ya kupasuliwa. Zamu hiyo tumeingoja mpaka bibi wa watu haoni tena sura zetu. Anatutambua kwa mwendo."

"Teksi je?" diwani mmoja akauliza.

"Teksi zinaishia barabara kubwa. Mara ya mwisho tulimpakia kwenye mkokoteni. Gurudumu likazama, bibi akaingia mtaroni. Alitoka humo anatukana matusi ambayo sikujua anayajua."

Madiwani wakainamia karatasi zao, mabega yakitikisika.

"Chekeni tu," fundi akasema. "Siombi lami mimi. Siombi hata kalavati jipya. Naomba lori moja la kifusi, leo, lijaze lile shimo ili kesho gari lipite. Akikosa zamu hii, anarudi mwisho wa foleni, na macho hayatangoja foleni."

Mhandisi wa barabara akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, lori lipo hapo uani. Kifusi kipo. Kabla jua halijazama tumemaliza."

Mwenyekiti akamkata jicho, mhandisi akaushusha mkono kama mtoto aliyeguswa na moto. Kisha Mwenyekiti akasimama, akaiweka sawa kola ya shati. Kola hiyo ilipochakaa, fundi ndiye aliyeifumua na kuigeuza, kwa uangalifu mshono usionekane. Leo alitamani angeiacha imkwaruze shingo.

"Waheshimiwa, mnanijua. Simpendelei mtu, simwonei mtu. Utaratibu ni utaratibu. Hoja inapokelewa, inakwenda kwenye kamati, inarudi. Leo nikitoa lori kwa huyu, kesho mtaani watasema nini?"

"Watasema shimo limezibwa," fundi akajibu.

Mtu mmoja akapiga makofi nyuma, akaacha haraka.

"Hoja yako imepokelewa, mama. Itajadiliwa kikao kijacho." Nyundo ikagonga meza.

Karani, mama wa makamo mwenye miwani, akamfuata mpaka koridoni. "Jamani dada, kwa nini usimshike pembeni ukamweleza taratibu?"

"Nimemshika pembeni, nimemshika mbele, nimemshika nyuma! Kila nikifungua mdomo, jibu ni hilohilo: mambo ya barabara mahali pake ni kikaoni. Haya, nimeyaleta kikaoni. Umeona mwenyewe."

"Pole."

"Pole haijazi shimo, dada yangu. Lakini asante."

Akarudi nyumbani akinung'unika njia nzima. Penye kalavati akavua viatu, akavuka juu ya ubao uliolazwa hapo, ubao wenyewe unapinda kama nao unamcheka.

Bibi alikuwa amekaa kitandani sebuleni. Ameshaoga, ameshavaa ile kanga yake nzuri, na mkoba wa hospitali ameupakata kana kwamba safari ni sasa hivi.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Kikao kijacho, mama."

Bibi akasonya msonyo mrefu. Kisha akauliza polepole, "Na huyo mwenyekiti wao, hebu niambie, kazaliwa na nani?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, fundi nusura acheke.

Akaingia jikoni. Akapika wali na maharage, akampakulia bibi, akajipakulia. Kilichobaki akampelekea jirani, sahani imejaa mpaka jirani akauliza kama kuna sherehe. Sufuria akaisugua ikang'aa, akaifunika kifudifudi. Halafu akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona.

Jua likazama. Nje, mtu akateleza penye ubao, akalaani, akainuka. Hatua zikakaribia, nzito, zinachapa tope.

"Huyo keshafika," bibi akasema, hata kabla mlango haujaguswa.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mwenyekiti akaingia, viatu mkononi, suruali imelowa tope mpaka magotini.

"Mke wangu, leo wamenichosha wale watu! Chakula kiko wapi?"

Fundi hakuinua macho. Sindano iliendelea kutembea kwenye kitambaa.

"Hoja yako imepokelewa, mheshimiwa. Itajadiliwa kesho, ukishambeba mama mgongoni hadi barabara kubwa."

Pale kitandani, mama yake akanyoosha mkono juu kabisa.

"Naunga mkono hoja."