Jiwe Katikati ya Ramani

Fundi Abeid aliinua nyundo avunje jiwe lililoingia katikati ya ramani yangu ya kijumba cha mbao, kisha akaishusha taratibu.

“Injinia, hebu weka mkono hapa.”

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya Uluguru, ukungu umetufikia, vidole vyangu vimekufa ganzi. Jiwe lilikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa punde.

“Linakunywa jua mchana kutwa,” alisema. “Shangazi yangu alikuwa anaanikia maharage ya mbegu hapa.”

Nilikuwa nimekipima kiwanja kile mara tatu bila kuligusa.

Nikafuta ukuta, nikauchora upya nyuma ya jiwe, likabaki ndani, na kitanda nikakiegemeza kwalo.

Abeid akaichungulia karatasi.

“Sasa lipe na dirisha,” akasema.