Mapigo ya Kitanda cha Saba

Siku ya nne ya mafunzo yake wodini, Hidaya aliambiwa aandike mapigo ya moyo ya wagonjwa kumi na wawili ambao hakuwa amemgusa hata mmoja wao.

"Weka themanini, themanini na mbili, changanya changanya," alisema Sista Eufrasia, mkuu wa wodi, akimsukumia faili. "Daktari anaingia raundi sasa hivi. Hapa ndivyo tunavyofanya, binti."

"Nitawapima, Sista."

"Saa ngapi? Fomu yako ya mafunzo naisaini mimi, usisahau. Nisiposaini, unarudi kwenu kukaanga maandazi."

"Basi nitakaanga," alisema Hidaya, akichukua faili.

Akaanza kitanda cha kwanza. Kila mkono aliushika dakika nzima, macho kwenye saa iliyoning'inia kifuani mwake, na hakukatisha hata mmoja. Wagonjwa wakaanza kumtania.

"Nesi, moyo wangu bado unapiga?"

"Unapiga, babu, kama ngoma ya harusi. Nyamaza nihesabu."

Alikuwa ameshika mkono wa mzee Ngwali, kitanda cha saba, daktari alipoingia, Sista nyuma yake amevimba kwa hasira.

"Nani kaacha karatasi nusu tupu namna hii?" daktari aliuliza kwa sauti.

Chini ya vidole vya Hidaya mapigo yalikwenda matatu, yakasita, kisha likaja moja zito. Hakugeuka. Aliinua mkono wake wa pili, kiganja wazi usoni pa daktari, midomo ikiendelea kuhesabu.