Herufi Isiyofutika

Siku vishikwambi vilipoletwa kwenye chekechea ya mtaa wa mabanda, Mwalimu Sikudhani alimwaga mchanga uani, akaegemeza masinia ukutani. Kwenye mchanga wa masinia hayo, uliofutwa kwa kutikisa sinia, alifundisha herufi miaka nenda miaka rudi, kama mama yake alivyomfundisha yeye.

Zawena, ambaye alikuwa hajawahi kugusa hata simu, aliandika "a" kwa kidole kwenye kioo cha kishikwambi, taratibu, bila kukosea. Kisha akakiinua kwa mikono miwili, akakitikisa.

"We mtoto, utakivunja!" akafoka fundi aliyevileta.

"Mwalimu, haifutiki!"

Fundi akanyoosha mkono aifute.

"Iache kwanza," Mwalimu akasema. Akaigusa ile "a". Chembe za mchanga zilizobaki kidoleni mwake zikadondoka kwenye kioo, zikabaki hapo, ziking'aa.