Mashine Iliyodai Shikamoo

Mashine iligoma kujibu. Mzee Masanja alikuwa ameiuliza bei ya mchele wake mwenyewe, uliotangazwa kwenye tovuti yake mwenyewe, nayo ikamwandikia: "Kwenu hawasalimii?"

"Kijana, hii nini?"

"Akili mnemba, mzee," alisema Venance, kwa sauti ya kiranja anayesoma matangazo mstarini. "Nimeifundisha maadili."

Mzee Masanja akaandika shikamoo kwa kidole kimoja. Mashine ikaitikia marahaba, ikamuulizia ng'ombe wake, ndipo ikataja bei.

"Wanangu niliowasomesha hawajawahi kuniulizia ng'ombe," alisema mzee, machozi yakimlengalenga.

Ukweli, ambao Venance aliulinda kama mwanafunzi wa bweni anavyolinda sukari kwenye tranka, ni kwamba akili mnemba hiyo ilikuwa imevuka miaka themanini, ilisali jumuiya, na muda huo ilikuwa jikoni nyuma ya ukuta, imeshika simu ya kupangusa. Ilikuwa bibi yake, Wilhelmina.

Venance aliishi kwa kutengeneza na kuendesha tovuti, hapo Mlabani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya bibi huyo. Wateja wengine walikuwa wamemkimbia. Alibaki Mzee Masanja peke yake, na Mzee Masanja alitaka tovuti inayojibu wateja yenyewe. Venance alikubali kwanza, akafikiri baadaye.

Bibi aliipenda kazi. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuwa tayari kumwanza kwa salamu mtu aliye mdogo kwake. Kwa sababu hiyo hakuwa amesemeshana na jirani yake, Bibi Siwema, kwa masika mawili. Kila mmoja alijiona mkubwa, kila mmoja alisubiri shikamoo yake. Siwema akianika mpunga upande wake wa uzio wa matete, Wilhelmina alifagia upande wake, wamepeana visogo. Beatus, mjukuu wa Siwema, aliyesoma bweni moja na Venance na sasa anatengeneza tovuti za makampuni huko Dar es Salaam, alijaribu kuwapatanisha Krismasi. Alirudi Dar amenuniwa na wote wawili.

"Sasa sikiliza," alisema Mzee Masanja. "Kuna kampuni ya Dar inataka mchele wangu wote wa msimu. Nao wana mashine yao ya kununulia. Wanataka mashine zielewane zenyewe, mtu asitie mkono. Leo, sasa hivi. Zisipoelewana, hii tovuti nampa kijana wa Morogoro."

Venance aliomba ruhusa ya kwenda kuwasha mtambo, akakimbilia jikoni.

"Bibi, leo unaongea na mashine ya kweli. Nakuomba uanze wewe kusalimia."

"Imezaliwa lini?"

"Juzijuzi tu."

"Basi inisalimie. Na jogoo wangu yuko wapi, mume wangu? Simwoni tangu asubuhi."

Venance alirudi mbele na kukaa. Kwenye kioo cha kompyuta, kampuni ya Dar ilikuwa imeingia.

"Mbona haziongei?" aliuliza Mzee Masanja.

"Zinapimana, mzee."

Jikoni mtu akakohoa.

"Inakohoa?"

"Feni yake hiyo. Vumbi."

Hatimaye maneno yakatokea.

"Nasubiri," iliandika mashine ya Mlabani.

"Hata mimi nasubiri," iliandika mashine ya Dar.

"Unasubiri nini?"

"Salamu yangu."

Jasho lilimtoka Venance. Alikuwa amesoma mahali kwamba mashine hizi huiga tabia ya anayeongea nazo. Bibi alikuwa anaiharibu mali ya watu.

"Wewe wa lini?" iliuliza mashine ya Mlabani.

"Mwaka wa nzige."

"Mwaka wa nzige ndio nini?" aliuliza Mzee Masanja.

"Jina la toleo, mzee."

"Nzige walipokuja mimi nilikuwa nafukuza ndege shambani," iliandika mashine ya Mlabani.

"Hata mimi. Acha ubishi. Mchele nauchukua wote, kwa bei hiyohiyo. Ila nisalimiwe kwanza."

Mzee Masanja aliinuka nusu. "Yote? Kijana, iambie isalimie! Salamu ni bure!"

Venance alikuwa ameshafika jikoni, amepiga magoti kwenye majivu. "Bibi, ni kopo la bati tu hilo. Halina akili, halitamsimulia mtu. Ukikataa, kesho nakwenda kulima vibarua Mngeta, na mgongo wangu unaujua."

Bibi Wilhelmina aliutazama mgongo wa mjukuu wake. Haukuwa mgongo wa jembe. Akatazama darini kwa muda, kama mtu anayeomba radhi kwa mizimu ya Wapogoro wote. Kisha, herufi kwa herufi, akaandika:

"Shikamoo."

Huko mbele Mzee Masanja alipiga ukelele wa Kisukuma uliotikisa bati. Venance alimkuta anacheza, tumbo likitangulia.

"Imekubali! Kijana, tovuti hii ni yako mpaka nife! Njoo usome!"

Venance aliinama, akasoma.

"Marahaba, mwanangu," ilikuwa imeandika mashine ya Dar. "Nimengoja sana. Mchele wote tunauchukua. Ila subiri kidogo, jogoo wa jirani ameingia tena kwenye mpunga wangu."

Upande wa pili wa uzio sauti ikapaa, "Shiii!", na jogoo wa Bibi Wilhelmina akaruka matete, akatua jikoni, miguuni pa mwenyewe.