Nakala ya Pili

"Andika dola mia tatu na kumi," Phanuel alisema, bila hata kumtazama mkewe.

Jescah akaandika. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi za mkoa na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Phanuel aliona kupiga chapa ni kazi ya watu wadogo, kwa hiyo kila Jumamosi mwaka huo wa 1999 alimleta kwenye duka la kukodisha kompyuta mjini Kakamega, amwandikie bei kwenye minada ya mtandao. Alimbeba kama mtu anavyobeba kalamu mfukoni.

Zilibaki dakika kumi na mbili mnada ufungwe. Kilichouzwa kilikuwa santuri nzito ya jazz ya mwaka 1927, ya bendi ya Chicago iliyoingia studioni siku moja tu, kisha ikavunjika. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani waliamini imebaki nakala moja duniani. Nakala hiyo ilikuwa ya Phanuel. Babake, mpishi wa mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu, aliachiwa santuri hiyo na tajiri wake huyo alipohama, na sasa ilikaa nyumbani ndani ya sanduku la bati.

Hii nyingine ilichomoza wapi basi? Tangazo lilisema Eldoret.

"Eldoret," Phanuel alisema, akivuta mdomo. "Watu wa ngano. Wanajua nini kuhusu jazz?"

Roho ilikuwa inamuuma, na haikuwa bure. Osiako, mkusanyaji wa Busia aliyewahi kumwita mwongo mbele za watu, alikuwa amekubali kuja na kamera aipige picha nakala ya pekee na kuiandikia jarida la wakusanyaji. Zikiwa mbili, Phanuel angekuwa tu mzee mwingine mwenye santuri kuukuu.

"Huyu wa Denmark ameongeza," Jescah alisema. "Mia tatu hamsini. Baba Wendy, si umwachie tu?"

"Nilikuuliza maoni? Andika mia nne."

Akaandika. Wa Denmark akanyamaza.

Pesa za miwa za msimu mzima zikaenda Eldoret kwa hawala ya posta, kwa mama mmoja aitwaye Jepchirchir. Phanuel alipokuwa bado anapekua mifuko akitafuta karatasi yenye anwani, Jescah alikuwa ameshaijaza fomu.

Mtu angedhani bwana huyu alipenda muziki. Hata gramafoni hakuwa nayo. Kusikiliza ni kwa walevi wa baa, alisema. Mwenye elimu humiliki. Ile ya sandukuni hakuwahi kuisikia hata siku moja, na sanduku lenyewe alilifungulia wageni wanaostahili tu, ambao hawakuzidi mmoja kwa mwaka. Ufunguo aliuning'iniza msumarini, wazi kabisa, kwani nani katika nyumba ile angejua cha kuiba?

Nyumba yenyewe ilivuja. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri, na kona moja tu ndiyo ilibaki kavu. Phanuel aliliweka sanduku hapo na kukisogeza kitanda chini ya tundu. Miaka mitatu Jescah alilala na karai miguuni. Kila alipoomba mabati aliambiwa mabati yako kila duka, hayana haraka.

Baada ya wiki mbili kifurushi kilifika posta. Phanuel alirudi nacho kwapani, akakuta mafundi wawili juu ya paa wakipigilia mabati mapya.

"Haya yametoka wapi?"

"Kuna mama nilisoma naye. Amenisaidia."

Mambo ya wanawake na vyama vyao, Phanuel akajiambia, na hakutaka kujua zaidi. Alimwagiza fundi amrushie nyundo.

"Nyundo ya nini?" Jescah aliuliza.

"Zikiwa mbili hazina maana. Nataka ibaki moja."

Jescah aliitua ndoo aliyokuwa ameishika. "Baba Wendy, ngoja. Hiyo kitu usivunje. Ifungue kwanza uangalie."

"Niangalie nini? Wewe na santuri mmejuana wapi?"

"Kuna kitu nataka kukuambia."

"Utaniambia siku utakayojua tofauti ya jazz na kengele ya shule."

Fundi mmoja alicheka kule juu, na Phanuel akafurahi kuwa amesikika. Alikiweka kifurushi juu ya jiwe, na stempu zake zote, akakipiga mara tano. Kilitoa sauti ya sahani za udongo. Jescah akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Jumapili Osiako alifika na kamera yake. Phanuel alimketisha, akamhubiria nusu saa juu ya watu wanaorundika takataka majumbani wakijiita wakusanyaji. Osiako alivumilia. Mwishowe mwenyeji alitoa ufunguo, akafungua sanduku, akafunua kitambaa na kuinua mfuko wa karatasi kwa mikono miwili.

Mfuko ulikuwa mwepesi. Aliingiza vidole. Akaugeuza juu chini, akautikisa, kisha akaanza kutupa vitambaa sakafuni mpaka akaligusa bati la sanduku.

"Mama Wendy," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama usoni. "Ile nyingine iko wapi?"

Jescah alikuwa anammiminia mgeni chai.

"Nyingine gani, Baba Wendy? Ilikuwanga moja tu. Ndiyo ulivunja Jumatano."